Binti hakuiba: yuro za kituo ziliandikwa kwa bei ambayo benki haikulipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze juu ya binti mmoja aliyekatwa mshahara miezi miwili kwa ajili ya fedha ambazo hazikupotea. Sitamtaja jina, wala sitataja kituo anachofanyia kazi, maana watoto wanaolelewa pale hawana kosa lolote. Nataka tu wenyekiti wa kamati, waweka hazina na makarani wa hesabu walio na akaunti za dola na za yuro wasome, kisha wafungue vitabu vyao wenyewe kabla hawajamnyooshea mtu kidole.

Mimi ni mwanamke wa Malindi. Kazi yangu ni kuandika hesabu za vikundi, shule na vituo vya watoto, kuanzia Watamu hadi Mambrui. Nilianza mwaka 1997 kule Mombasa, katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilikuwa imefutwa miaka miwili tu nyuma, na akaunti ya dola kwa ofisi ndogo kama yetu lilikuwa jambo geni. Wateja wengine walilipa kwa dola, wenye meli walidai dola, mishahara na ushuru vikataka shilingi. Kila wiki tulihamisha. Kompyuta haikuwepo mezani kwangu. Nilikuwa na daftari la fedha, rula na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Mzee aliyenifunza kazi alinionyesha kwamba fedha zikitoka akaunti moja yetu kwenda nyingine yetu, unaandika pande zote mbili za daftari, halafu pembeni unatia herufi C, yaani kontra, alama ya kwamba fedha zimehama tu na si mapato mapya. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo C ukiisahau, mwisho wa mwezi tutajiona tumechuma mara mbili." Nimefanya kazi na programu za kila aina tangu wakati huo, na bado natafuta ile C mahali ilipojificha.

Sasa nieleze ya kituo. Malindi ina Waitaliano wengi tangu zamani, na wengine wakirudi kwao hawatusahau, kwa hiyo vituo kadhaa hapa hupokea misaada kwa yuro. Kituo hiki hulea watoto wenye ulemavu, nacho kina akaunti tatu: ya yuro, ya dola na ya shilingi. Vitabu vyake vimo ndani ya programu ya kompyuta, na hesabu ya mwaka hufungwa tarehe 30 Juni.

Wiki ya mwisho ya Januari 2024 kamati iliamua kuhamisha yuro 15,000 kwenda akaunti ya shilingi ili walipe mishahara, karo na chakula. Wasomaji watakumbuka siku zile. Shilingi yetu ilikuwa imelala kabisa. Dola ilikuwa Ksh 160 na yuro ilizunguka Ksh 174 kwa kiwango cha wastani kinachotangazwa na Benki Kuu. Binti akafungua programu, akachagua kuhamisha, akaandika yuro 15,000. Programu ikavuta bei yenyewe kutoka kwenye intaneti, 174, ikazidisha, ikaandika kwamba akaunti ya shilingi imepokea 2,610,000. Binti akabonyeza kuhifadhi. Alikuwa na miaka miwili kazini, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba ile namba programu iliyomwekea ni makisio tu.

Benki hainunui yuro kwa kiwango cha wastani. Ina bei yake ya kununua na bei yake ya kuuza, na kilichomo katikati ndicho chumo lake. Siku ile ilinunua kwa 169.50. Zikaingia shilingi 2,542,500, kisha ikakata 1,200 za huduma. Kwa hiyo taarifa ya benki ilikuwa pungufu ya vitabu kwa shilingi 68,700.

Pengo hilo lilionekana mwezi Aprili, walipokaa kulinganisha vitabu na benki. Aliyeliona hakuuliza benki ilitoa bei gani. Aliuliza nani alikuwa na neno la siri la programu. Kamati ikakutana, binti akapewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye hesabu na kupelekwa stoo kupima unga na mafuta, na ikaamuliwa alipe 68,700 kwa mafungu sita ya 11,450 kila mwezi. Hakupiga kelele. Anasomesha wadogo zake wawili, na aliogopa kupoteza kazi kuliko alivyoogopa kusingiziwa.

Niliitwa Julai kufunga hesabu za mwaka. Jambo la kwanza lililonishtua ni mapato mawili ya 11,450 yaliyoandikwa "mapato mengineyo". Nikauliza yametoka wapi. Mweka hazina akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni yule msichana, Mama, analipa alichokula." Nikaomba karatasi ya benki ya siku ya kubadilisha, ile yenye kiasi, bei na makato. Ilikuwa kwenye faili muda wote, imetobolewa vizuri na kupangwa kwa tarehe. Binti mwenyewe ndiye aliyeiweka. Nilitoa penseli nikagawanya 2,542,500 kwa 15,000 mbele ya mwenyekiti, na kazi yote ikamalizika katika dakika mbili. Miezi mitatu ya aibu, Mhariri, kwa jambo la dakika mbili!

Nieleze basi namna inavyopaswa kuandikwa, kwa sababu nimeona kosa hili hili mahali pengi mno. Fedha zikihama kati ya akaunti zako za sarafu tofauti, usianze na bei, anza na kiasi. Chukua taarifa ya akaunti ya yuro, uone kilichotoka: 15,000. Chukua taarifa ya akaunti ya shilingi, uone kilichoingia: 2,542,500. Andika namba hizo mbili, na bei uiache ijitokeze yenyewe. Programu ikikuwekea kiasi cha upande wa pili, kifute, uandike cha benki. Makato ya 1,200 yaandike peke yake kama gharama za benki, usiyachanganye na fedha zilizohama, ili siku ya kulinganisha kila mstari wa benki uwe na mwenzake kwenye vitabu.

Hapo ndipo kilipotoka kitu kilichomfanya mwenyekiti akae kimya. Zile yuro 15,000 zilikuwa zimeingia kwa mafungu mawili: 9,000 mwezi Oktoba 2023, yuro ikiwa 159, na 6,000 mwezi Desemba, ikiwa 168. Kwa shilingi, siku zilipopokelewa, zilikuwa 1,431,000 na 1,008,000, jumla 2,439,000. Zilipobadilishwa Januari zikaleta 2,542,500. Kituo hakikupoteza senti. Kilipata faida ya ubadilishaji ya shilingi 103,500. Vitabu vyao vilikuwa vimejiandikia faida kubwa zaidi ya hiyo, ambayo haikuwahi kuwepo, kisha binti akatakiwa ailipe kutoka mfukoni mwake.

Faida au hasara hiyo inapaswa kuwa na akaunti yake ndani ya vitabu, yenye jina linaloeleweka, kwa mfano "Faida na hasara ya kubadilisha fedha". Isizikwe ndani ya gharama nyinginezo. Kabla sijafika, kuna mtu alikuwa ameshauri hivyo, wazitupe 68,700 kwenye gharama nyinginezo ili vitabu vikubaliane na benki, na alidhani anawasaidia. Vingekubaliana, naam, lakini kosa lingebaki, na mwaka unaofuata lingejirudia bila mtu kujua limetoka wapi. Nilichofanya ni kurudi kwenye uhamisho wenyewe, nikaandika kiasi cha benki, nikaacha maelezo chini yake ya sababu na tarehe ya kurekebisha.

Ile tofauti kati ya 174 na 169.50 haiandikwi popote kwenye vitabu, kwa sababu hakuna aliyetulipa 174. Lakini kamati haikosi la kujifunza hapo. Kwa yuro 15,000, kila shilingi moja ya bei ni shilingi 15,000 kwa watoto. Fedha nyingi kama hizo huwa hazipelekwi dirishani kimya kimya. Unapiga simu benki asubuhi, unauliza bei, unapiga na benki ya pili, unarudi kwa ya kwanza na kuomba wapandishe. Mimi hufanya hivyo kila mara, na mara nyingi hupandisha.

Kuna aina nyingine inayowatesa hata walio na uzoefu: kuhama kutoka fedha ya kigeni kwenda fedha nyingine ya kigeni. Kituo hicho hicho kilihamisha yuro 5,000 kwenda akaunti yao ya dola ili wanunue viti vya magurudumu kutoka nje. Zikaingia dola 5,390. Shilingi hazikugusa uhamisho huo hata kidogo, lakini vitabu vinatunzwa kwa shilingi, kwa hiyo programu inataka kujua yuro zilikuwa na thamani gani na dola zilikuwa na thamani gani. Ukiiwekea bei mbili kutoka mahali pawili, utapata thamani mbili. Yuro kwa 174.20 ni shilingi 871,000. Dola kwa 160.50 ni shilingi 865,095. Fedha ni zile zile, siku ni ile ile, na tayari kuna shilingi 5,905 zinazoelea. Mimi huchagua thamani moja. Nachukua dola zilizoingia kwa kiwango cha siku ile, napata 865,095, na nasema yuro zilizotoka zimeleta hizo, basi. Kinachobaki ni kulinganisha 865,095 na thamani ya zile yuro siku zilipopokelewa, na hiyo ndiyo faida au hasara ya kweli.

Kuna na suala la fedha zilizo njiani. Ukituma dola kutoka benki moja kwenda nyingine kupitia benki za kati za ng'ambo, yaani zile zinazopokezana fedha njiani, zinaweza kutoka Ijumaa na kufika Jumatano, na njiani benki ya kati ikajikatia ada yake. Unatuma 5,390, zinafika 5,365. Usilazimishe tarehe mbili ziwe moja. Fungua akaunti ndogo ya kupitishia, uiite "Fedha zilizo njiani". Ijumaa ziingie humo, Jumatano zitoke humo kwenda zinakokwenda, na dola 25 zilizosalia ziende kwenye gharama za benki. Akaunti hiyo ikirudi sifuri, lala salama. Isiporudi sifuri, unajua pa kuanzia kutafuta, na huhitaji kumwita mtu yeyote mwizi. Hili lina uzito zaidi mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba, maana mkaguzi akikuta fedha zimetoka tarehe 28 na hazijaingia popote hadi tarehe 2, lazima aulize.

Wengine hutumia bei moja kwa mwezi mzima. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 21, kinaruhusu wastani wa wiki au wa mwezi iwapo bei haibadiliki sana. Lakini Februari 2024 ilikuwa mwezi wa aina gani? Serikali ilipouza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu ya lile deni la Eurobond, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililoiva Juni, shilingi ilipata nguvu ikaruka kutoka 160 kwa dola mwanzoni mwa mwezi hadi kwenye 140 na ushei kabla mwezi haujaisha, na kufikia mwisho wa Machi ilikaribia 131. Mwenye kutumia bei moja kwa Februari yote aliandika hadithi. Mimi niliyaona ya 2011 pia, dola ilipopanda hadi karibu 107 mwezi Oktoba, kisha ikateremka hadi kwenye themanini na kitu kabla ya mwaka kwisha. Tulifanya kazi hadi usiku wa manane kule Mombasa tukirekebisha bei siku kwa siku. Tangu hapo siamini bei ya mwezi.

Bado kuna zile ambazo hazikuhamishwa. Februari hiyo ya 2024, kabla shilingi haijaamka, kituo kilipokea yuro 8,000 zikiwa 172. Kamati ikaziacha kwenye akaunti, kila mtu akiamini zitazidi kupanda. Tarehe 30 Juni nilipozithamini upya, yuro ilikuwa karibu 139. Zilizokuwa 1,376,000 zikawa 1,112,000, hasara ya shilingi 264,000 kwenye karatasi. Programu nyingi hufanya hesabu hiyo zenyewe ukiziandikia bei ya siku ya kufunga, lakini usipoandika, zinabaki na bei ya zamani na kukuonyesha utajiri ambao haupo. Kwa wafanyabiashara wanaolipa kodi ni vyema kujua kwamba faida au hasara ya fedha zilizokwisha kubadilishwa ni kitu kimoja, na ya zile zilizothaminiwa tu ni kitu kingine. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 4A, inaihesabu ile iliyokwisha kutokea. Ziandike katika akaunti mbili.

Nimalizie na kikundi kimoja cha akina mama wanaosuka mikoba ya ukili kusini mwa Mombasa, maana wao walipata shida ya namna nyingine. Wanauza nje na kulipwa dola. Karani wao hakujua kwamba programu ina sehemu ya kuhamisha. Kila akitoa dola kwenda shilingi, aliandika gharama upande wa dola na mauzo upande wa shilingi. Benki zote mbili zilikubaliana na vitabu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mauzo yao ya kweli kwa mwaka yalikuwa shilingi milioni 3.1. Yale yaliyohamishwa yalikuwa milioni 2.4. Vitabu vikasema wameuza milioni 5.5, na hapo wakaambiwa wamevuka milioni 5 na wanapaswa kujisajili kwa kodi ya VAT. Mwenyekiti wao, bibi wa miaka sitini na zaidi, alinipigia simu akilia, akidhani wamedanganya serikali bila kujua. Tulifuta maingizo 14 na kuyaandika upya kama uhamisho, na mauzo yakarudi pale yalipokuwa. Ni ile C ya mzee wangu iliyokosekana.

Ninawaomba wanaowafunza vijana wetu uhasibu wawape mazoezi ya akaunti tatu zenye sarafu tatu, pamoja na taarifa halisi za benki, wayafanye kwa mikono kabla ya kuyafanya kwa programu. Wanaotuuzia programu watuwekee maelezo ya Kiswahili pale pale kwenye dirisha la kuhamisha, kwamba bei iliyojazwa ni makisio na kiasi cha kweli kiko kwenye taarifa ya benki. Na wanakamati, kabla ya kuitisha kikao cha kumhoji mtu, tumaneni kwanza kwenye faili mkaitafute karatasi ya benki.

Binti amerudi kwenye meza yake ya hesabu tangu Agosti 2024, na zile 22,900 alizokatwa amerudishiwa kwa M-Pesa siku moja. Sasa ndiye anayeandika kila uhamisho pale, na bei zake nimezikagua mara tatu bila kukuta tofauti hata ya senti. Lakini barua ya onyo bado iko ndani ya faili lake la kazi, yenye sahihi tatu na muhuri. Nimewaomba waliotia sahihi waandike nyingine ya kuifuta. Wamesema watakaa. Bado hawajakaa, nami naomba kupitia gazeti hili wakae.

Mama mhasibu,
Malindi